Pesa Kabla ya Mavuno

Mboga za Januari katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, hulipiwa Agosti, watu wakiwa bado wanaogelea baharini na nyanya zikiuzwa kwa bei ya kutupa. Fomu ya shamba ina bei, tarehe za kuchukua boksi, na orodha ya vitu ambavyo huenda vikapatikana. Hilo "huenda" limerudiwa mara nyingi kuliko jina la shamba lenyewe. Unalipa, unasahau. Theluji ikishafika magotini ndipo boksi la kwanza linapokuja kukukumbusha kwamba kuna shamba unalolidai.

Boksi halina urembo wowote. Karoti bado zina udongo, kwa kuwa karoti isiyooshwa hukaa zaidi. Kuna kabichi nzito iliyovuliwa majani ya nje, vitunguu, viazi mviringo, bitiruti, boga dogo la ganda gumu, na lile dude la zambarau na manjano liitwalo rutabaga, ambalo hata Wamarekani wengi hawajui walipikeje. Juu kabisa, ndani ya mfuko wake, kuna spinachi kidogo, konzi mbili tatu. Hiyo ndiyo watu wanayoiwania, na ndiyo iliyomkosesha mkulima usingizi.

Tunagawana boksi na jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama wa makamo aliyetoka Uvira, mashariki mwa Kongo. Siku ya kwanza aliishika ile rutabaga, akaigeuzageuza, akaigonga mezani. "Dada, hii ni chakula ao ni kuni?" Akaondoka nayo kwa mashaka. Jioni alinipandishia sahani: ameikata vipande vidogo, ameichemsha mpaka ikalainika, kisha ameiunga kwa mawese na karanga za kusaga, na pilipili hakuisahau. Siku hizi rutabaga ikikosekana yeye ndiye wa kwanza kuuliza. Lakini bado anashikilia, nami sina la kumjibu, kwamba sombe (kisamvu) iliyogandishwa ya dukani inashinda kila kitu kinachoota katika nchi hii.

Mtu aliyezaliwa karibu na Ikweta akiiona theluji huhukumu papo hapo kwamba adui wa mkulima wa huku ni baridi. Wakulima wenyewe watakuambia ni giza. Kwetu Muleba, mkoani Kagera, Tanzania, mchana una saa kumi na mbili Januari, na saa kumi na mbili Julai, na hata saa yetu tumeijenga juu ya uaminifu huo wa jua. Hapa Portland, Desemba, jua huchomoza saa moja ikiwa imeshapita, na huzama mara tu baada ya saa kumi jioni. Mchana wote haufiki saa tisa. Watoto hutoka shule wakiliona jua linaaga.

Aliyelieleza jambo hili vizuri ni Eliot Coleman, mkulima wa Harborside, pwani ya Maine. Mwaka 1968 alinunua kipande cha msitu kwa Helen na Scott Nearing, mume na mke waliojulikana kwa kuacha maisha ya mjini na kuandika juu ya kujitegemea shambani. Akang'oa visiki, akaokota mawe, akatengeneza mboji miaka nenda rudi. Baadaye akaanza kufanya jambo ambalo majirani waliliona ni kichaa: kuuza mboga mbichi katikati ya majira ya baridi, nyingi zikitoka kwenye vitalu nyumba visivyopashwa moto hata kidogo. Katika kitabu chake cha 2009, The Winter Harvest Handbook, anaeleza kwamba mchana ukishuka chini ya saa kumi, mimea karibu yote husimama kukua, hata uipe joto kiasi gani. Kipindi hicho alikipa jina la Persephone, binti wa hadithi za Wayunani wa kale aliyelazimika kuishi chini ya ardhi sehemu ya kila mwaka. Katika latitudo ya Maine kinaanza mapema Novemba na kuisha mapema Februari.

Kwa hiyo anayetaka spinachi ya Januari hawezi kuikuza Januari. Anapaswa kuisia Agosti na Septemba, akihesabu siku kinyumenyume, ili giza likiingia mmea uwe umeshafikia kimo cha kuvunwa au unakikaribia. Akichelewa wiki mbili, anabaki na miche ambayo itakaa vilevile hadi Februari. Akiwahi wiki mbili, inakomaa mapema na kuharibika kabla watu hawajaihitaji. Baada ya hapo kazi yake si kukuza tena, ni kuilinda mimea isife. Juu kuna kitalu nyumba cha nailoni; ndani yake, sentimita chache juu ya majani, kuna kitambaa chepesi kilichotandazwa kwenye matao ya waya. Coleman anakadiria kwamba kila tabaka la namna hiyo ni sawa na kulisogeza shamba kilomita 800 hivi kuelekea kusini.

Niliwahi kuingia kwenye kitalu nyumba kama hicho asubuhi ya Februari, kabla jua halijapita juu ya miti. Mwenye shamba alifunua ukingo wa kitambaa nione. Majani ya spinachi yalikuwa yamelala chini, yamegandamana na udongo, magumu, rangi yake imekolea hadi kukaribia nyeusi, na jalidi nyeupe kwenye kingo. Nilinyoosha kidole. Akanishika mkono. Jani lililoganda ukiligusa linavunjika ndani, na likiyeyuka linageuka uozo. Tukaenda kunywa kahawa. Ilipokaribia saa nne jua lilikuwa limeshapiga kwenye nailoni, ndani pakawa na joto la kuvua koti, na yale majani yaliyolala yakawa yamesimama, laini, kana kwamba usiku ule haukuwahusu. Ndipo visu vikatoka. Wana saa chache tu za kuvuna kabla baridi haijarudi kuyagandisha upya.

Siri ya jani hilo ni sukari. Baridi inapozidi, mmea hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari, na maji yenye sukari huganda kwa shida kuliko maji matupu. Barafu ikitokea, hujijenga kwenye nafasi zilizo kati ya seli, si ndani yake. Karoti iliyoachwa ardhini hadi Desemba ni tamu hivyo kwa sababu hiyohiyo. Imejitengenezea dawa ya kutoganda, nasi tunakula dawa yake.

Ujuzi huu si mpya. Wakulima wa bustani waliolizunguka jiji la Paris karne ya 19 walilisha jiji saladi wakati wa baridi kwa kutumia kengele za kioo za kufunikia mimea na samadi mbichi ya farasi, ambayo huchemka yenyewe ikirundikwa chini ya kitalu. Farasi walikuwa ndio usafiri wa jiji, kwa hiyo samadi haikukosekana. Magari yalipokuja, joto likaondoka na farasi. Coleman alikwenda Ufaransa kujifunza kwa waliobaki.

Karoti na kabichi hazihitaji miujiza hiyo. Zinahitaji chumba kizuri tu, na kila moja ina kiburi chake: karoti inataka baridi ya karibu nyuzi 0 na hewa yenye unyevu mwingi, kitunguu kinataka baridi hiyohiyo lakini hewa kavu, boga linataka nyuzi 10 hadi 15, na likipata baridi zaidi linaoza. Matofaa yakiwekwa karibu na karoti, gesi inayotoka kwenye matunda huzifanya karoti kuwa chungu. Mkulima mmoja aliniambia ana ufunguo wa stoo tatu na hofu za aina tatu.

Anayenunua dukani hana haja na hesabu zote hizi. Saladi ya Januari ipo, imeoshwa, imo ndani ya plastiki. Sehemu kubwa sana ya majani yanayoliwa Marekani wakati wa baridi hutoka Yuma, Arizona, na Imperial Valley ya California. Ni jangwa, linalomwagiliwa kwa maji ya Mto Colorado. Mpango huo ni hodari, sitaudharau. Lakini mwaka 2018, bakteria aina ya E. coli walipoingia kwenye saladi ya romaine kutoka Yuma, waliugua watu 210 katika majimbo 36, na watano wakafa. Wananchi waliambiwa wasile romaine yoyote ya Yuma, na kama hawajui ilikotoka, waitupe. Karibu wote hawakujua ilikotoka. Wakatupa.

Jambo ninalolitafakari hasa, hata hivyo, si usalama wa saladi. Ni ile fomu ya Agosti, yaani pesa inayotangulia.

Marekani, mtindo huu wa kulipia shamba kabla ya mavuno ulianza mwaka 1986 katika mashamba mawili. Moja ni Indian Line Farm huko South Egremont, Massachusetts, ambako Robyn Van En alisikia wazo hilo kutoka kwa Jan Vander Tuin, aliyekuwa ameliona likifanya kazi Uswisi. La pili ni Temple-Wilton, New Hampshire, ambako mmoja wa waanzilishi alikuwa Trauger Groh, mkulima aliyetoka Ujerumani. Wajapani walikuwa wametangulia: katika miaka ya 1970 akina mama wa mijini walioziogopa dawa za mashambani waliingia mapatano ya moja kwa moja na wakulima, mtindo waliouita teikei.

Temple-Wilton ndiko kunakonivutia zaidi. Pale hakuna bei ya boksi. Kila mwaka wakulima huweka mezani bajeti yote ya shamba: mbegu, dizeli, ukarabati, riziki yao wenyewe. Wanachama hukaa na kutaja ahadi, kila mmoja kwa uwezo wake, mwenye nacho zaidi na mwenye kidogo kidogo. Ahadi zisipofikia bajeti, mzunguko unarudiwa mpaka zifikie. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha harusi Dar es Salaam au Nairobi anaufahamu mkutano huo mwanzo hadi mwisho, pamoja na yule ndugu anayeinamia simu yake zamu ya kutaja ahadi inapomkaribia. Baada ya hapo kila mwanachama huchukua mboga kadiri anavyohitaji, bila kupimiwa kulingana na alichotoa.

Fedha hiyo inafika wakati mkulima yuko taabani. Mbegu zinatakiwa kuagizwa, trekta liko juu ya mawe. Asiyekuwa na wanachama huenda benki. Na mwanachama, kwa upande wake, anakubali jambo ambalo mteja wa duka hakubali kamwe: mvua ya mawe ikipiga, wadudu wakiingia, baridi ikiwahi, boksi litakuwa jepesi na pesa haitarudi.

Kagera nako tunaujua mtindo ambao pesa hutangulia mavuno. Unaitwa butura.

Ili kuuelewa inabidi uyajue maisha ya kule. Ndizi huvunwa mwaka mzima, kwa hiyo nyumba ya Mhaya yenye kibanja kizuri, yaani shamba la migomba na kahawa, haikosi cha kupika. Pesa ndiyo yenye msimu. Kwa wengi huja mara moja, kahawa inapouzwa, na shida hazina adabu ya kusubiri: msiba, mgonjwa wa kulazwa, sare za shule na michango yake. Basi anakuja mtu mwenye pesa kahawa ikiwa ua, au matunda yakiwa bado mabichi, anamkabidhi mkulima noti mkononi. Mavuno yakifika anachukua magunia yake kwa bei waliyokubaliana siku ile ya shida, bei iliyo chini mno ya ile ya msimu. Mvua ikigoma na kahawa ikawa haba, deni halipungui; linavuka mwaka, linajaa, na hatimaye huanza kukitazama kibanja chenyewe. Bei ya dunia ikipanda, faida yote ni ya mwenye pesa. Serikali imeipiga vita butura kwa miaka, viongozi wameikemea majukwaani, na mwaka 2018 ikaamriwa kahawa yote ipitie vyama vya ushirika. Nia ilikuwa njema. Lakini chama hulipa kahawa ikishafika ghalani, na msiba ulishatokea kahawa ikiwa ua.

Nikiziweka karibu, fomu ya Agosti na butura zinanitisha kwa jinsi zinavyofanana sura. Zote mbili hununua kitu ambacho hakijakuwapo. Zote mbili huja wakati mkulima ana mfuko mtupu, na zote mbili zinamwokoa siku hiyo. Tofauti yote imo katika swali moja ambalo halikai vizuri kwenye risiti: mvua isiponyesha, hasara ni ya nani? Kwenye butura jibu ni la mkulima peke yake, na ndiyo maana mwenye pesa analala usingizi. Kwenye boksi, angalau kwa maandishi, hasara inagawanywa, na mlaji anaila kwa mdomo wake mwenyewe: rutabaga tena wiki hii, spinachi hakuna.

Kuna mtindo wa tatu, ambao nadhani ndio unaoendesha masoko yetu mengi: mali kauli. Mkulima wa Lushoto anapakia kabichi na karoti kwenye lori usiku, dalali anaziuza Dar es Salaam, na pesa inarudi baadaye, ikirudi, ikiwa na maelezo marefu kuhusu zilizooza njiani. Hapo mkulima ndiye anayelikopesha jiji. Vikapu vya mboga vinavyoagizwa siku hizi kwenye makundi ya WhatsApp na kuletwa mlangoni na bodaboda ni vizuri, vimewapa kazi vijana wengi na kuwaondolea watu foleni, lakini kwa kawaida hulipiwa kikapu kikishafika. Mlolongo nyuma yake haujabadilika. Aliyeko mwisho wake bado anangoja.

Nisiyapambe mashamba ya Maine kupita kiasi. Wakulima wenyewe wanalalamika kwamba wanachama wa zamani wamepungua subira. Wateja wapya wanataka kuchagua kilichomo kwenye boksi kwa simu, kuruka wiki wanapokuwa safarini, kuletewa nyumbani. Zimeibuka kampuni zinazokusanya mboga kwa wakulima wengi na kuzigawa, na zikikosa karoti shamba hili zinachukua lile. Mlaji hapati tena boksi jepesi. Sawa, lakini hasara haikutoweka. Imerudi kwa yule ambaye karoti zake hazikuota, na wa kumsaidia kuibeba hayupo. Hilo nalo ni duka tu, ila karoti zake zina udongo.

Halafu kuna suala la nani anaweza kulipa Agosti chakula cha Januari. Mwenye akiba. Familia zinazopata msaada wa chakula wa serikali, ule unaoitwa SNAP, haziruhusiwi kwa kanuni kulipia boksi la shamba zaidi ya siku 14 kabla ya kulipokea. Sababu inaeleweka, serikali haitaki maskini apoteze pesa ya chakula kwa mkulima aliyefilisika. Lakini matokeo ni kwamba mtu maskini amezuiwa hata kumwamini mkulima. Jirani yangu wa Uvira alipoelezwa kanuni hiyo aliguna tu. Kwao, alisema, maskini ndiye hukopesha kila mtu.

Mwendo wa chini ya saa moja kutoka Portland, karibu na Lewiston, kuna wakulima ambao hawakuingia kwenye kilimo cha pamoja kwa kusoma vitabu. Ni Wabantu wa Somalia, wakiwemo Wazigua. Wazee wa Wazigua hao walichukuliwa utumwani karne ya 19 kutoka upande wa Handeni, Tanzania ya leo, na kupelekwa Somalia, wakalima bonde la Mto Juba vizazi kadhaa, wakakimbia vita vya miaka ya 1990 hadi makambi ya Kenya, na kutoka huko wengine wakahamishiwa Marekani. Baadhi walirudi Handeni kwa mababu zao. Tanzania iliwapa uraia. Waliofika Maine walikuta theluji, na wakatafuta ardhi. Shamba lao la pamoja, Liberation Farms, liko katika mji mdogo uitwao Wales, ekari 107, na ardhi yenyewe imewekwa chini ya umiliki wa jumuiya ili isije ikauzwa. Kila familia ina kipande chake cha kujilisha. Wengine hulima kwa vikundi na kugawana mauzo. Zao wanalolipenda ni mahindi magumu ya kukausha na kusaga, ambayo katika nchi ya majira marefu ya baridi ni busara tupu: gunia la unga haliulizi jua lina saa ngapi.

Hapa ndipo ningepaswa kusifia kilimo hai, na nitafanya hivyo kwa ufupi, kwa sababu sifa zake zinajulikana. Maine ni moja ya sehemu zilizotangulia. Chama chake cha wakulima wa kilimo hai, MOFGA, kilianzishwa mwaka 1971, miongo mitatu kabla ya kanuni za kitaifa za Marekani kuanza kutumika mwaka 2002. Kanuni zinataka ardhi ikae miaka mitatu bila mbolea na dawa zilizokatazwa. Afrika Mashariki nasi tuna kiwango chetu tangu 2007, chenye alama ya Kilimohai, na wakulima wengi wadogo huthibitishwa kwa kukaguana wao kwa wao, maana ada za wakaguzi wa kimataifa zingewamaliza.

Lakini ardhi ina kumbukumbu ndefu kuliko miaka mitatu. Kwa miongo kadhaa mashamba mengi ya Maine yalimwagiwa tope la mitambo ya majitaka kama mbolea ya bure, kwa vibali halali vya serikali. Tope lilikuwa na kemikali za PFAS, ambazo haziozi. Wakulima vijana wakanunua ardhi hiyo baadaye, wakaithibitisha kuwa ya kilimo hai, wakafuata kila kanuni, kisha vipimo vikaja. Baadhi walisimamisha mauzo wao wenyewe na kuwaandikia wanachama wao ukweli wote: kilichopatikana kwenye maji ya kisima, kwenye mboga, kwenye damu yao. Mwaka 2022 Maine ikawa jimbo la kwanza kupiga marufuku umwagaji wa tope hilo, na bunge lake likatenga dola milioni 60 kuwasaidia walioathirika. Mkulima anayeuza kwa dalali, ambaye haijui sura ya hata mlaji mmoja, angemwandikia nani barua ile?

Wageni hudhani mwezi mgumu kwenye boksi ni Januari. Ni Aprili. Nje theluji imeyeyuka, nyasi zimechipua, ndege wamerudi, na stoo iko tupu: karoti za mwisho zimeota vinywele, vitunguu vimechipua, maboga yameisha. Kilichopandwa hakijafika popote. Mikoa mingi ya Tanzania inaijua hali hiyo, miezi ambayo kila kitu ni kijani na ghala limebaki vumbi. Mashamba mengi husitisha maboksi wakati huo, na ndani ya boksi la mwisho huweka fomu ya kiangazi. Wakati mlaji amekasirika na rutabaga kuliko wakati wowote wa mwaka, ndipo anapoombwa pesa ya nyanya ambazo hata mbegu zake hazijachipua.

Niliijaza fomu hiyo, kisha nikampigia baba mdogo, ambaye kahawa yake iko Muleba na ambaye butura iliwahi kumgusa. Nikamweleza. Tuseme sisi wa huku, ndugu na marafiki, tumlipe kahawa ikiwa ua, kwa bei ambayo naye anaiona ya haki, na mvua ikigoma tusidaiane. Aliniuliza maswali ya mtu anayejua kazi: kahawa itatokaje nje ya nchi wakati sheria inataka ipitie chama, nani ataikoboa, bei ikipanda katikati itakuwaje. Mengine niliyajibu, mengine nilibaki nimeyaandika. Kisha akanyamaza kidogo.

"Mwanangu, hata wa butura walikuja na maneno mazuri. Mwaka ambao mvua itagoma, ninyi huko mtakunywa nini?"

Nikamwambia tutakunywa chai. Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akauliza kama hayo ya chai tunaweza kuyaandika kwenye karatasi na kuyatia sahihi, na mashahidi watakuwa akina nani.